Kinga Imfuate Mama, Isifuate Mkataba

Mara mbili katika kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya pwani ya mashariki ya Unguja hupwa ikaacha mchanga mtupu kwa mwendo mrefu. Watu wa pwani huiita bamvua. Ifikapo saa nne ya asubuhi, jua likiwa limekwishapanda, wanawake wa Paje, wa Jambiani, wa Bwejuu na wa vijiji vya jirani huteremka na kamba, vigingi na magunia, wakaingia majini kuyahudumia mashamba yao ya mwani. Mwenye kutazama kwa makini hakosi kumwona miongoni mwao mama aliyejifunga kanga ya pili chini ya tumbo, ameinama kama wenzake, maji yakimfika mapajani, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja baada ya kimoja. Huyo ni mja mzito. Atainama hivyo kwa saa kadhaa mpaka maji yaanze kujaa, kisha atatoka na gunia la mwani mbichi kichwani, likimchuruzikia maji hadi nyayoni.

Siku hiyo hiyo, Mji Mkongwe, mwanamke mwingine mwenye mimba ya umri kama huo anapanda ngazi za nyumba ya kale iliyogeuzwa kuwa hoteli. Wenye kuzijua nyumba zetu za mjini wanajua ngazi zake zilivyo: nyembamba, za kusimama wima, na kila ghorofa moja ni kama mbili. Mkono mmoja ameshika ndoo yenye dawa ya kusafishia vyoo, na mwingine amekumbatia furushi la mashuka. Vyumba vyake vya siku vimekwishahesabiwa, na msimamizi hapunguzi hata kimoja.

Wote wawili ni wafanyakazi. Wote wawili wamebeba roho mbili. Hata hivyo, mbele ya sheria hawako sawa. Yule wa mjini, akiwa na mkataba ulioandikwa, anayo sheria ya kumtetea, ingawa si kila siku inatekelezwa. Yule wa baharini hana mwajiri wa kumshitaki, hana ofisi ya kuipelekea barua, wala hana likizo ya kuomba. Makala haya yanawahusu wote wawili, lakini yanamhusu zaidi yule wa pili, kwa sababu walio mfano wake ndio wengi, nao ndio wanaosahauliwa.

Jambo la kumlinda mama kazini si geni duniani. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipokutana kwa mara ya kwanza mjini Washington, miongoni mwa mikataba ya mwanzo kabisa kupitishwa ulikuwa Mkataba Namba 3, wa ulinzi wa uzazi. Mkataba huo uliagiza kwamba mama asifanye kazi katika wiki sita za baada ya kujifungua, awe na haki ya kuondoka kazini wiki sita kabla ya kujifungua, na apewe nusu saa mara mbili kwa siku ili amnyonyeshe mwanawe. Lakini uliwataja wanawake wa viwandani na wa biashara tu. Mwanamke wa shambani hakuwamo. Katika mwaka huo, mama wa visiwani aliyekuwa akichambua karafuu chini ya utawala wa kikoloni hakuwamo katika mawazo ya wakubwa wale. Mwaka 1952 ulipitishwa mkataba mwingine, Namba 103, ukawaingiza na vibarua wa mashambani. Mwaka 2000 ukapitishwa wa tatu, Namba 183, ulioipandisha likizo ya uzazi ikafika wiki 14 na kuagiza kwamba mja mzito au mwenye kunyonyesha asilazimishwe kazi iliyothibitika kuwa na madhara kwake au kwa mtoto. Kila mara mlango umefunguka zaidi, na kila mara aliyebaki nje ni yule asiye na mtu wa kumwita mwajiri.

Kazi na ajira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 inampa mwanamke aliyeajiriwa siku 90 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 iwapo amejaaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8, inayomtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mahali pa kazi hapamdhuru mfanyakazi. Wenzetu wa Tanzania Bara, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wameweka siku 84, na siku 100 kwa mama wa mapacha. Wamezuia mja mzito kufanyishwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Na wamemwagiza mwajiri ampe mama anayenyonyesha ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku. Sheria hiyo haivuki bahari, lakini mfano mwema wa jirani hauhitaji pasi ya kusafiria.

Sheria basi tunazo. Tujiulize zinamfikia nani, na zikimfikia, zinamfikia vipi.

Tuanze na yule mwenye mwajiri. Ipo desturi mbaya iliyoota mizizi katika baadhi ya sehemu za kazi, hasa zile zinazoendeshwa kwa msimu wa wageni. Msichana huandikwa kwa mkataba wa miezi michache, ukaandikwa upya, ukaandikwa upya tena. Siku tumbo lake likianza kuonekana, mkataba hauandikwi. Hakufukuzwa, wanasema, muda wake umekwisha. Ujanja wa namna hii haukiuki herufi za sheria lakini unaiua roho yake. Madhara yake hayaishi kwa yule mmoja aliyepoteza kazi. Wenzake wakishaona, nao wanajifunza kuificha mimba. Wanajifunga nguo za kubana, wanaendelea kubeba ndoo na magodoro, wanaendelea kuvuta pumzi ya dawa kali katika vyoo visivyo na dirisha, wasije wakagunduliwa.

Na miezi hiyo ya kuficha ndiyo miezi ya hatari. Wataalamu wa tiba wanatufundisha kwamba viungo vya mtoto hujijenga katika miezi mitatu ya mwanzo, wakati tumbo bado halijasema neno. Sumu ya dawa ya kuulia wadudu, au mvuke wa dawa za kusafishia zilizochanganywa ovyo, haisubiri mpaka mimba itangazwe. Mwajiri anayewatisha wanawake wake wasiseme, amejinyima mwenyewe nafasi ya kuwakinga. Kwa hiyo usalama wa mja mzito unaanza kabla ya kiti na kabla ya glavu. Unaanza na mama kuweza kusema kwamba ana mimba bila ya kuogopa kukosa kazi.

Akishasema, yanayotakiwa si makubwa. Mwili wa mja mzito hubadilika: damu huongezeka, moyo hufanya kazi zaidi, mishipa inayoshikanisha viungo hulegea, na uzito wote huelekea mbele, ndiyo maana huumwa mgongo na huteleza kwa wepesi. Kusimama saa nyingi, kuinua mizigo mizito, kukaa katika joto kali bila ya maji ya kunywa, kukesha, yote hayo humchosha maradufu, na yanaweza kumsababishia kujifungua kabla ya wakati au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa yake kazini ni kumhamishia vyumba vya chini, kumpa mwenzake wa kugeuza magodoro, kumwekea kiti, kumpa glavu, kumruhusu kunywa maji na kwenda haja anapotaka, kumtoa katika zamu ya usiku, na kumpa siku ya kliniki bila ya kumkata mshahara. Gharama yake haifiki hata bei ya usiku mmoja wa mgeni katika baadhi ya hoteli hizo.

Sasa tuteremke pwani.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza hapa kwetu mwaka 1989, katika vijiji hivyo hivyo vya mashariki, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Hatutaki kukisema vibaya kilimo hiki. Kimewatia wanawake fedha mkononi ambazo hawakuwa nazo. Kimejenga nyumba za matofali, kimenunua sare na madaftari ya skuli, kimempa mwanamke sauti katika nyumba yake. Wakulima wa mwani katika visiwa vyetu wanahesabiwa kwa maelfu, na wengi wao sana ni wanawake. Fedha za kigeni wanazoliletea Taifa zinatoka katika migongo yao iliyoinama.

Lakini migongo hiyo inauma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya wanawake wanaolima mwani hapa Zanzibar uliorodhesha malalamiko yao: uchovu, maumivu ya misuli na ya viungo, njaa, matatizo ya kupumua na ya macho, na majeraha ya viumbe wa baharini na ya makombe yenye makali. Hayo ni ya mwanamke asiye na mimba. Mwekee mimba ya miezi saba, umwekee na upungufu wa damu, ambao ni jambo la kawaida kwa waja wazito wetu, kisha umsimamishe majini kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Na juu ya hayo, bahari yenyewe imebadilika. Kwa kuwa maji ya kina kifupi yamezidi joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri haistawi tena karibu na ufukwe kama zamani, na wakulima wanahimizwa kwenda kwenye kina kirefu. Wengi wa wanawake wetu hawajui kuogelea. Mja mzito asiyejua kuogelea, katika maji yanayomfika kifuani, na bahari inajaa: tusingoje mpaka litokee jambo ndipo tukimbilie kuunda kamati.

Mtu wa mjini atauliza: kwa nini asipumzike tu? Si amejiajiri mwenyewe? Swali hilo huulizwa na asiyeijua kazi. Mwani huchukua kiasi cha wiki sita kukomaa, na haungoji. Ukiachwa bila ya kuhudumiwa, kamba hukatika, vigingi hung'oka, magugu ya baharini huusonga, mawimbi huuchukua. Mama aliyekosa bamvua mbili ameweza kupoteza kazi ya miezi miwili. Tena jina hili la kujiajiri lina unafiki ndani yake. Kwa miaka mingi mkulima amekuwa akipewa kamba na taitai na kampuni inayonunua, naye akafungwa kuiuzia kampuni hiyo hiyo kwa bei isiyotoka kinywani mwake. Ukimpa mtu chombo cha kazi, ukampangia bei ya kazi, ukayachukua matunda ya kazi, huwezi kusema kwamba mgongo wake haukuhusu.

Wala mkulima wa mwani hayuko peke yake. Wapo akina mama wanaoponda mawe kuwa kokoto kando ya barabara zetu, nyundo mkononi, vumbi puani, mtoto mchanga amelazwa juu ya kanga hatua chache kutoka kwenye vipande vinavyoruka. Wapo wanaofukia makumbi pwani na kuyafukua yakiwa yameoza, ili wapate usumba wa kusokota kamba. Wapo wanaofagia njia za Darajani alfajiri. Wapo watumishi wa majumbani, ambao kazi yao haina mwanzo wala mwisho. Nchi inawategemea wote hawa, na karibu wote hawana karatasi inayosema kwamba wao ni wafanyakazi.

Hapa ndipo tunapopenda kuwakumbusha wasomaji wetu mambo mawili ambayo hatukujifunza kutoka Washington wala Geneva. Tumeyakuta kwetu.

La kwanza ni la dini. Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni kabla ya dawati la skuli tulifundishwa mapema kwamba mja mzito na mwenye kunyonyesha, wakihofia nafsi zao au watoto wao, wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Hilo halina mgogoro baina ya wanazuoni. Wanatofautiana tu katika namna ya kulipa baadaye. Tuifikirie maana yake. Saumu ni nguzo ya Uislamu, na ni haki ya Mwenyezi Mungu juu ya mja wake. Mwenye haki hiyo, aliye mkwasi wa kila kitu, ameiakhirisha kwa ajili ya tumbo la mama. Basi ni nani huyo mwenye hoteli, au mwenye kampuni, au mwenye ofisi, ambaye haki yake juu ya mwanamke huyo haiwezi kuakhirishwa hata wiki moja? Qurani inautaja udhaifu wa mwenye kubeba mimba katika Suratu Luqman, na katika aya ya 233 ya Suratul Baqara inaweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kwa mwenye kutaka kuutimiza, na inakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Wataalamu wa afya wa leo, wanaotaka mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, wamekutana na jambo tunalolisoma tangu utoto.

La pili ni la mila. Wazee wetu waliiweka arobaini. Mwanamke akijifungua hushikwa na watu: mama yake, shangazi, somo wake, mkunga. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na jungu la kazi hulibeba wengine mpaka siku arobaini zitimie. Hiyo ilikuwa sheria ya kazi isiyoandikwa, na tuangalie uzuri wake: haikuuliza kama mwanamke ana mkataba. Iliuliza kama amezaa. Lakini arobaini ilisimama juu ya mikono ya watu, na mikono hiyo leo imetawanyika. Shangazi naye yumo baharini katika bamvua ile ile; somo anafanya kazi hotelini Kiwengwa na hurudi kwa zamu. Matokeo yake tunayaona: mzazi wa wiki tatu ameshuka majini, na mtoto ameachwa kivulini chini ya mvinje na dada yake mwenye umri wa miaka minane, akitiwa mdomoni uji kabla ya wakati wake kwa kuwa ziwa liko mbali.

Wapo watakaosema kwamba mimba si maradhi, na kwamba bibi zetu walizaa mashambani wakainuka wakaendelea kulima. Ni kweli kwamba mimba si maradhi. Lakini tunayasikia maneno hayo kutoka kwa wale waliosalimika. Waliokufa kwa kutoka damu, na waliokufa kwa kifafa cha mimba, hawakurudi kutusimulia jinsi walivyokuwa hodari. Makaburi hayana msemaji katika mikutano yetu.

Wapo pia waajiri watakaosema kwamba tukizidisha haki za wazazi, wao wataacha kuwaajiri wanawake. Hoja hii tusiidharau, kwa sababu inatendeka. Jawabu lake, hata hivyo, si kumnyima mama haki, bali ni kuutua mzigo kwenye bega la mwajiri mmoja na kuuweka juu ya mabega ya wengi. Huo ndio msimamo wa Mkataba Namba 183: malipo ya likizo ya uzazi yatokane na bima ya jamii au fedha za umma, ili mwajiri asione hasara katika kumwandika mwanamke. Sisi tunao Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, na Mfuko huo una mpango wa hiari kwa wale wasiokuwa na mwajiri. Chombo kipo. Kinachotakiwa ni kukifikisha pwani, na kukipanga kwa namna ambayo mama wa mwani atachangia wakati wa mavuno na atapokea wakati wa uzazi.

Akitokea wa kusema kwamba nchi ndogo haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa, tutamkumbusha mwezi wa Aprili wa mwaka 2016. Mwezi huo Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani au mkwezi wa minazi, bila ya kumuuliza mkataba wake uko wapi. Huo ulikuwa mwendelezo wa mwendo tulioanza baada ya Mapinduzi ya 1964, tulipowahifadhi wazee katika nyumba za Sebleni na Welezo. Tulikubali wakati ule kwamba uzee ni haki ya binadamu yeyote aliyelitumikia Taifa kwa mikono yake. Ikiwa tumeweza kumheshimu mtu mwishoni mwa umri wake bila ya kumdai karatasi, kwa nini tushindwe kumheshimu mwanzoni, akiwa angali tumboni?

Kwa hiyo basi tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, ukaguzi wa sehemu za kazi uingie katika jambo hili kwa jina lake. Mkaguzi anayekwenda hotelini kutazama mitungi ya kuzimia moto aulize pia: waja wazito wenu wako wangapi, wanafanya kazi gani, na katika mwaka uliopita ni mikataba mingapi ya wanawake ambayo haikuandikwa upya? Vyama vya wafanyakazi, kikiwemo CHODAWU-Z kinachowasimamia watu wa mahoteli, vidai kifungu cha uzazi katika kila mapatano na mwajiri.

Pili, wanunuzi wa mwani, pamoja na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi iliyoundwa mwaka 2020, wawawekee wakulima mabanda na meza za kufungia mbegu ufukweni. Sehemu kubwa ya kazi ya kufunga haina lazima ifanywe majini. Mja mzito aliyeketi kivulini, mgongo wima, maji ya kunywa pembeni, atafunga kamba nyingi kama mwenzake aliyeinama, na wenye nguvu watazipeleka. Viatu, glavu na mafunzo ya kuogelea visionekane kuwa anasa. Na pasiwe na mja mzito atakayepelekwa kwenye kina kirefu kwa kisingizio chochote.

Tatu, vikundi vya mwani virudishe kikoa. Tuna mila ya kusaidiana zamu kwa zamu. Tuiandike katika kanuni za kikundi kwamba mwenzao akifika mwezi wa nane, na mpaka arobaini yake itimie, kamba zake zitahudumiwa na wenzake, na mavuno yatabaki yake. Leo kwangu, kesho kwako. Hili halihitaji bajeti wala kibali cha mtu.

Nne, vituo vya afya viulize swali moja zaidi. Mja mzito anapofika kliniki hupimwa uzito, hupimwa damu, huulizwa mimba hii ni ya ngapi. Na aulizwe pia: unafanya kazi gani? Mkunga akijua kwamba huyu anaponda kokoto na yule anaingia baharini, ushauri wake utabadilika. Katika vijiji vya pwani, siku za kliniki zipangwe kwa kutazama mwezi. Ratiba inayofuata Jumatatu na Alkhamisi peke yake itaangukia bamvua mara kwa mara, na mama akilazimishwa kuchagua baina ya kipimo na kipato, tusishangae atakapochagua kipato.

Tano, tunasema na wanaume wenzetu. Gunia la mwani mbichi halina jinsia. Mwanamume mwenye mikono miwili anayeketi barazani akisubiri mkewe mwenye mimba atoke baharini na mzigo, kisha aulize chakula kiko wapi, asingoje Serikali imtungie sheria. Aone haya.

Hatuwezi kumaliza bila ya kujikosoa. Chama cha Mapinduzi, tangu kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kimebeba jembe na nyundo katika nembo yake, na sisi makada wake tumekuwa wepesi kuzieleza alama hizo majukwaani. Tumekaa katika mikutano ya matawi ya pwani tukazungumzia bei ya mwani, barabara na visima. Wajumbe wanawake walikuwamo, baadhi yao waja wazito, wameketi sakafuni wamejinyoosha miguu kwa maumivu ya kiuno. Hatukuwauliza. Tulihesabu kilo za mwani, tukahesabu kadi za uanachama, na hatukuhesabu mimba zilizoharibika baada ya bamvua. Mashina, matawi na Jumuiya ya Wanawake wana watu katika kila shehia. Hakuna ofisi iliyo karibu zaidi na mama huyu kuliko sisi. Ikiwa ameachwa peke yake, wa kwanza kuulizwa tuwe sisi.

Mtoto anayeumbwa leo ndani ya tumbo la mkulima wa mwani wa Jambiani hajui kama mama yake ana mkataba. Anajua kama ameshiba, kama amepumzika, kama damu inamfikia. Miaka ishirini baadaye tutamtaka awe mwalimu, mvuvi, askari, daktari, na tutamtaka awe na akili timamu na mwili wenye nguvu. Deni hilo tunaanza kulilipa au kulikwepa sasa hivi. Bamvua ijayo haiko mbali. Yule mama atateremka tena na kamba zake, na tuna siku chache za kuamua atamkuta nani ufukweni.